Mwalimu Aliyeshona Lebo za Istanbul

Watu wa Musoma wanaovaa vizuri, wengi nimewavalisha mimi. Nasema bila aibu kwa sababu ni kweli. Nina maduka mawili hapa mjini na moja Bunda, na sikurithi hata hanga moja. Niliishia darasa la saba, nikaanza na soksi za mkononi pale stendi, nikatembeza mpaka viatu vikaisha kisigino. Mtu akiniuliza nani alinisaidia, huwa namjibu kwamba ni miguu yangu. Lakini yuko mmoja ambaye kila nikijibu hivyo namkumbuka. Jina lake silitaji. Tulimwitaga Mwalimu, hata wanawake wa sokoni waliomzidi umri walimwita hivyo hivyo.

Alikuwa mwalimu wa ubunifu wa mavazi kwenye chuo kimoja hapa hapa mjini. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kufundisha kukata na kushona. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kuhakikisha kila anayemaliza pale anapata duka la kumpokea, aanze maisha kama muuzaji wa nguo alizobuni yeye mwenyewe. Hiyo ya pili hakuna aliyemtuma. Chuo kiliona vijana wakishapewa vyeti na kupiga picha na majoho, shughuli imekwisha. Yeye aliona ndipo inapoanza. Nimewahi kumsikia anamwambia mkuu wake mbele za watu, "Tunawafundisha kuogelea halafu tunawaacha nchi kavu, tunasema tumemaliza."

Alikuwa na namna yake ya kuingia dukani. Hasalimii. Anasimama pembeni ya mlango, mkoba kwapani, anaangalia. Siku ya kwanza kumwona nilidhani ni mtu wa kodi.

"Karibu mama. Unatafuta nini?"

"Nakaa tu."

"Hapa si kanisani, mama."

"Nimeona," akasema. "Kanisani pana mwanga."

Akanionyesha kioo changu kwa kidevu. Kilikuwa nyuma kabisa, karibu na stoo, kwenye giza. Akasema nimekificha kioo kama watu wanavyomficha mgonjwa. "Sikiliza, mura. Nguo haiuzwi na sindano wala haiuzwi na mdomo wako. Inauzwa na kioo." Mura ndivyo wanavyoitwa vijana huku kwetu, na mimi wakati huo nilishakuwa na watoto wanaosoma sekondari na mvi nimeanza kuota. Hakuacha kuniita hivyo mpaka mwisho.

Alipoondoka nikakihamisha kioo, nikakiweka mahali jua la asubuhi linapoingia. Wateja wakaanza kukaa dukani muda mrefu kuliko zamani. Mfanyabiashara mwenzangu akanisifia, akasema nina akili. Nikamwambia ndiyo.

Hapo tukaanza. Aliniletea wahitimu wake, mmoja mmoja, na kila mmoja alimleta kwa masharti. Sharti la kwanza lilikuwa lile waliloliita kusimama. Mhitimu anakuja dukani kwangu, anasimama kuanzia msimu wa pamba mpaka Krismasi, anauza nguo za watu wengine, cherehani haigusi kabisa. Wengine walilia. Mtu ametoka chuoni na michoro yake mikubwa ya magauni yenye mabega kama mabawa, anaambiwa akunje suruali za mtumba na kufagia. Mwalimu akipita kuwaangalia hakuwauliza wameuza nini. Aliwauliza, "Leo mikono imegusa nini?" Alitaka kujua watu waliingia wakagusa nguo gani wakaziacha. Alikuwa na msemo huo: "Usimwangalie mteja usoni, mwangalie mkono. Uso una adabu, mkono hauna."

Aliwafundisha mwezi pia. Sisi wa ziwani tunajua kwamba wavuvi wa dagaa wanafanya kazi gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa zao hazivuti kitu, wanapandisha mitumbwi, wanapumzika, ndipo wanakuja mjini na wake zao wakiwa na hela. Mimi nilikuwa nafuata hilo kwa pua tu, bila kulisema. Yeye alilifanya somo. Vijana wake walijua siku za mwezi mkubwa nguo za kike zinakaa mbele, za shule zinarudi nyuma. Msimu wa pamba ukianza, wanajua mzigo mzuri uende Bunda, kwa sababu mkulima wa Guta akishauza pamba yake anapita kwanza kwa mke wake kabla ya baa, au anapita baa kabla ya mke wake, lakini vyovyote vile anatafuta gauni la kumtuliza.

Sasa ukimsikia hivi utadhani ni mtu wa hela. Hakuwa. Alivaa mtumba. Sketi mbili, ya kijivu na ya kahawia, na mkanda wa kiume. Huyu ndiye mwalimu wa ubunifu wa mavazi. Nilimtania siku moja.

"Mwalimu, unatuaibisha. Wanafunzi wako wanashona kama malaika, wewe umevaa kama umetoka kuchota maji."

"Nikivaa nguo zao watu watasema nimewala watoto," akajibu. "Na wewe usiseme. Tumbo hilo umelipata dukani au jikoni?"

Vijana walicheka mpaka wakajificha nyuma ya hanga.

Zawadi hakupokea. Mzazi mmoja wa Kibara alimletea sato wawili wakubwa, wamefungwa kwenye majani, shukrani kwamba binti yake amepata duka. Aliwarudisha mpaka stendi kwa mkono wake, akalipa bajaji yeye. Na uongo hakuutaka. Nakumbuka mama mmoja mnene, mtu mwenye hela zake, alijaribu gauni la njano. Binti aliyekuwa anasimama siku hiyo akamwambia, "Umependeza mama." Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti pale pembeni.

"Hajapendeza," akasema.

Mimi nikatamani ardhi inimeze.

"Kumbe sijapendeza?" yule mama akauliza.

"Rangi hiyo inakufanya kama umetoka kuugua. Jaribu lile la bluu."

Akajaribu la bluu. Akalinunua, na akarudi mara nyingi, na kila akirudi alimuulizia Mwalimu kwanza, sio mimi. Yule binti alipelekwa nje akaambiwa maneno nisiyoyasikia, akarudi macho mekundu.

Kwa hiyo mtu akisikia habari ya lebo anasema lazima nilikuwa mimi. Sikuwa mimi. Ningeifikiria mimi ningejisifu, unanijua.

Ilikuwa hivi. Vijana wake walipomaliza kusimama, niliwapa hanga moja ndefu, bomba zima la kutundikia, katika duka langu kubwa la Nyasho, waanze kuweka nguo walizoshona wenyewe. Wakaanza na magauni ya kitenge. Mazuri, nasema kweli, mishono safi, hata ndani ukigeuza huoni uzi unaning'inia. Yakakaa. Mwezi mkubwa ukaja ukapita, yakakaa. Wanawake walikuwa wanayagusa halafu wanaondoa mkono haraka kama wameshika chungu cha moto. Ikabidi Mwalimu akae siku nzima akiwasikiliza, ndipo tukajua. Huku kwetu mtu ananunua kitenge chake, anampelekea fundi wake, anapimwa. Kitenge kilichokwisha kushonwa na kimetundikwa dukani, wanakiona ni cha mtu. Mteja mmoja aliuliza waziwazi, akimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika:

"Hili mwenyewe alishindwa kumlipa fundi, au alikufa?"

"Mi sivai ya marehemu," mwenzake akasema.

Basi Mwalimu akawabadilishia kitambaa. Magauni ya krepu, ya mikono mipana, rangi moja. Hapo wanawake wakaanza kuyashika vizuri, wanayapeleka mpaka kwenye kioo. Halafu wanauliza, "Imetoka wapi hii?" Vijana, kwa kuwa wamefundishwa kutosema uongo, wanajibu, "Tumeshona hapa hapa." Na gauni linarudi kwenye hanga. "Ah. Kama ni la hapa, si nitamwambia fundi wangu wa Nyasho anishonee." Na fundi wa Nyasho hawezi kulishona, ila hilo mteja halijui.

Vijana wakaanza kuondoka. Mmoja akaenda kuuza vocha, mwingine akaolewa tu. Mwalimu alikuwa anahesabu waliobaki kwa macho kila akiingia, nikimwona. Alianza kukonda. Kisha ikapita kama wiki hajaonekana, halafu akaja na rola ya utepe aliyoagiza Dar. Utepe mweupe, mwembamba, umeandikwa Istanbul kwa nyuzi za dhahabu, neno linajirudia mwanzo hadi mwisho. Akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaanza kukata na kushona kwa mkono, gauni baada ya gauni, kwenye shingo. Hakumruhusu mwanafunzi hata mmoja kushika ule utepe.

"Mwalimu," nikamwambia, "hii ni tabia yako kweli?"

"Lebo haisemi na mtu. Mteja ndiye anaisoma."

"Na vijana wakiulizwa?"

"Wakiulizwa imetoka wapi waseme, soma mwenyewe."

Yakaondoka yote. Mwezi mkubwa mmoja tu hanga ikabaki tupu. Wakashona mengine, yakaondoka. Mama wa kwaya wakayavaa kwenye mkutano wao wa injili, na dukani kwangu Bunda nikalazimika kuongeza hanga. Vijana walikuwa na kazi sasa, wanalipa vyumba, wanatuma nyumbani. Nilimwambia Mwalimu kwamba yeye ndiye mfanyabiashara, mimi nilikuwa natania tu miaka yote. Hakucheka.

Kuna kitu nilikiona ambacho wakati huo nilikipuuza. Tunasali kanisa moja. Ilipofika siku ya meza ya Bwana, sinia ikapita safu yake, akaipokea, akaipitisha kwa jirani yake bila kuchukua. Nikadhani tumbo linamsumbua. Mara iliyofuata tena. Yule mtu alikuwa anafundisha shule ya Jumapili, anajua zaburi bila kitabu, na sinia inapita mbele yake kama basi lisilosimama kwake. Hakuna aliyemuuliza, maana hakuwa mtu wa kuulizwa.

Katika wale vijana alikuwepo Nyangeta. Binti wa Kibara, baba yake mvuvi, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti mpaka wateja wanageuka. Huyu ndiye aliyebuni lile gauni la mikono mipana. Wengine walilishona, lakini la kwanza alilikata yeye, kwenye meza ya stoo yangu, akiimba. Mwalimu alikuwa anampenda na alikuwa hasemi. Nilijua kwa sababu Nyangeta ndiye aliyegombezwa kuliko wote.

Akatokea mama mmoja wa Mwanza mwenye maduka huko, anafungua duka kubwa Bunda, pale barabara kuu. Anatafuta mtu wa kusimamia upande wa wanawake: achague mzigo, abuni nguo, aziuze, awe mkubwa wa hapo. Kazi ya namna hiyo huku kwetu haijawahi kupewa mtoto wa chuo. Ndiyo kazi ambayo Mwalimu alikuwa anaiota tangu asimame mlangoni kwangu mara ya kwanza. Akaniomba gari. Kuomba kwenyewe kulikuwa, "Mura, kesho unatupeleka Bunda." Nikawapeleka, mimi mwenyewe naendesha. Nyangeta amekaa nyuma na gauni lake limefungwa kwenye nailoni, amelilaza mapajani kama mtoto mchanga. Njia nzima hakucheka.

Tulimkuta yule mama amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya mabelo ambayo hayajafunguliwa, anapepea kwa kipande cha boksi. Alitukaribisha vizuri, soda zikaja. Akalichukua gauni, akalitandaza.

"Hili nalijua," akasema. "La Uturuki hili. Mdogo wangu analo."

"Nimeshona mimi," Nyangeta akasema.

"Umeshona wewe."

"Nimebuni mimi, nikakata mimi. Hata la mdogo wako ni langu."

Yule mama akageuza shingo ya gauni, akasoma, akatuangalia mmoja mmoja. "Na hii?"

Pikipiki zinapita nje.

"Nimeiweka mimi," Mwalimu akasema.

"Ili iweje, Mwalimu?"

"Ili linunuliwe."

"Likanunuliwa?"

"Yote."

Yule mama aliweka soda chini. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. "Mwanangu," akamwambia Nyangeta, "kushona unajua. Naona hapa, sina la kusema. Lakini mimi nakaa Mwanza. Duka hili nitamwachia mtu, niende, nilale usingizi. Sasa kama hukulishona wewe hili gauni, hujui kazi. Ukiwa umelishona, unaniuzia duka langu kwa jina la watu. Nikuchukue kwa lipi?"

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kaka, ni dukani kwako. Ulikuwa unajua?"

"Dukani kwangu hakuna kitu nisichokijua," nikamjibu.

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Mtu aniulize dukani kwangu kuna nini, niseme sijui? Nyangeta aliniangalia. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akalikunja gauni vizuri kabisa, kona kwa kona, akamrudishia kwenye nailoni yake.

Nje, kwenye gari, Nyangeta hakupanda. Alisema ana shangazi Guta, atalala huko. Mwalimu akamwambia panda, binti. Hakupanda. Alisimama na ile nailoni, akasema pole pole, si kwa kugomba, "Mwalimu, mtu akiniuliza miaka yote hii nilikuwa nafanya nini, nimjibuje?"

Mwalimu akafungua mlango wa gari, akaingia. Tukarudi Musoma. Nilijaribu kumwambia kwamba yule mama ana roho ngumu, mabelo yenyewe yale ni ya mtumba wa hovyo. Akasema, "Angalia barabara."

Kesho yake asubuhi akaingia dukani na wembe. Duka lilikuwa na watu, mwezi ulikuwa umeshakua. Hakusimama mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye hanga, akashusha gauni la kwanza, akaanza kufumua lebo.

"Mwalimu, hiyo ni mali ya duka."

"Nguo ni ya duka, mura. Utepe ni wangu."

"Basi subiri tufunge."

"Tulishona duka likiwa wazi."

Nikamshika mkono. Akaniangalia ule mkono mpaka nikautoa. Mama mmoja wa kwaya alikuwa pale, amevaa lake, rangi ya damu ya mzee. Akasogea.

"Mwalimu, kwani hizi siyo za..."

"Zimeshonwa hapa," Mwalimu akamjibu bila kuinua kichwa. "Na lako hilo. Wameshona wanafunzi wangu, na jina la uongo niliweka mimi. Njoo nikutolee."

Yule mama akapeleka mkono nyuma ya shingo, akaigusa lebo, mkono ukabaki hapo hapo. Hakusogea kutolewa. Akatoka nje hivyo hivyo, kiganja shingoni, kama mtu aliyeumwa na mdudu.

Baada ya mchana mji mzima ulishajua. Wakaanza kutuita Istanbul ya Nyasho. Madereva wa bodaboda wakipita dukani kwangu wanapiga kelele, "Bosi, ndege ya Uturuki imefika?" Wanawake wakarudisha magauni, mengine yamevaliwa mpaka yamepauka kwapani, wanataka hela zao. Wengine walimfuata Mwalimu kanisani wakamwambia maneno. Alisimama akayasikiliza yote, mpaka la mwisho. Na Jumapili ya meza ya Bwana sinia ilipopita alichukua, mkate na kikombe, na kuna waliohama safu yake.

Nilimvumilia. Hilo liandikwe. Niliiacha ile hanga yao, magauni yakiwa hayana lebo, mpaka mwezi mwingine mkubwa. Hakuna mkono uliogusa. Duka si hospitali, na nafasi ya ukutani pale kwangu kila mtu anaitamani. Nikaweka jinzi. Vijana wake waliobaki nikawaambia warudi nyumbani, nikiwahitaji nitawaita. Mwalimu alikuja siku ile ile, akaziona jinzi, akaniuliza kitu kimoja tu: "Umewaambia mwenyewe au umetuma mtu?" Nikasema nimewaambia mwenyewe. Akasema vizuri.

Mimi naamini mpaka leo bora angenyamaza. Nyangeta alikuwa ameshakosa, lakini wale wengine walikuwa na kazi. Kumkosesha kazi kila mtu kwa sababu mmoja amekosa, hiyo hesabu mimi darasa la saba siielewi. Nilimwambia hivyo. Akaniambia, "Kila mmoja wao angefika Bunda yake." Huo msemo umenikaa vibaya kuliko matusi. Chuoni muda wake ukaisha, hawakumwongezea. Nikasikia amehamia Butiama. Kwa nini Butiama sijui.

Nimemwona mwaka huu. Nilikwenda Butiama kwenye mazishi ya mteja wangu mmoja wa zamani, na wakati wa kurudi nikapita gulio, maana siwezi kupita mahali watu wanapouza nisisimame. Nikamwona amesimama nyuma ya meza. Sketi ya kahawia. Amezeeka shingo. Pembeni yake wasichana wawili na cherehani moja ya miguu, na kwenye kamba magauni yametundikwa, lakini yote yako wazi ubavuni. Hayajamaliziwa. Mteja anachagua, anavaa juu ya nguo zake nyuma ya shuka, wanamshikisha pini, wanakwenda kwenye cherehani, anasubiri hapo hapo akila muwa, anaondoka nalo.

Nikaelewa bila kuelezwa. Gauni lisilokwisha haliwezi kuwa la mtu mwingine. Mama aliyelivaa kaona kwa macho yake limemalizwa kwenye mwili wake. Mimi ni mtu ninayejua kitu kizuri nikikiona.

"Mwalimu."

"Mura. Umenenepa."

"Hii ni ya nani? Hii ya kuacha ubavu wazi?"

"Ya Nyangeta," akasema. "Aliniambiaga wakati wa vitenge, kabla ya ule utepe. Nikamwambia nguo isiyokwisha hawezi kuiweka dukani mtu mwenye heshima zake."

Alilisema akiwa anakunja kitambaa. Mteja alikuja akauliza bei, Mwalimu akamjibu vibaya, mkavu, hana maneno matamu. Yule mteja akaondoka. Mwalimu aliyefundisha mji mzima kuuza, mwenyewe kuuza hajui. Wale wasichana walitazamana. Siku nzima, nilivyoona mimi, walikuwa wameuza magauni ya kuhesabika kwa mkono mmoja.

Nikamwambia alete hii kitu Musoma. Nitatoa jinzi, nitatoa hata kaunta ya viatu, tuweke cherehani mbili katikati ya duka, karibu na kile kioo, majina yao yaandikwe ukutani kwa rangi kama anataka. Mimi nikisema kitu nafanya. Hawa wasichana waanze Jumatatu.

Wale wasichana waliacha kushona. Mwalimu akaendelea kukunja.

"Aanze mwenyewe kwanza."

"Nani?"

"Nyangeta. Kitu ni chake. Yuko Sirari, kule mpakani, anauza mtumba, anamwaga chini kwenye turubai. Mimi simu zangu hapokei. Nimekwenda, akaondoka nikiwa nakuja. Nenda wewe. Akikubali, hawa nitawaleta kwa mkono wangu. Asipokubali, hii inabaki gulioni."

"Nitamwambiaje?"

Akafikiri. "Mwambie umekuja mwenyewe. Mwambie umeona mahali, ukamkumbuka. Mimi usinitaje."

"Sawa. Hilo dogo."

Nilishageuka naelekea kwenye gari, wasichana wanatabasamu, mmoja ameshanishukuru. Akaniita.

"Mura. Hapana." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mwambie nimekutuma mimi."

"Mwalimu, akijua ni wewe hatakuja. Si umesema mwenyewe?"

"Najua."

"Na hawa?"

Aliwaangalia wale wasichana. Yule mdogo alikuwa bado na pini mdomoni. Aliwaangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kumwangalia mteja.

"Mwambie nimekutuma mimi," akasema tena, akainama kuokota uzi ulioanguka.

Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Sirari sijaenda; kila nikishika ufunguo nakumbuka Nyangeta alivyoniangalia kule Bunda. Gari ninalo zuri, na lami ni safi mpaka mpakani.